Vijumba vya Nyuki Wapweke: Mianzi, Matete na Udongo wa Kyela

Neno nyuki, linapotajwa katika mazungumzo ya kawaida, humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye mzinga, asali na nta, ilhali mdudu mwenye mambo hayo ni mmoja tu kati ya spishi zaidi ya 20,000 za nyuki zilizokwisha kuelezwa na wataalamu duniani, na sehemu kubwa ya spishi hizo haina malkia, haina vibarua, wala haiweki asali ya kurinwa. Hao ndio wanaoitwa katika makala haya nyuki wapweke, yaani nyuki ambao kila jike hujijengea kiota chake, hukusanya chakula cha watoto wake bila msaada wa mwenzake, hutaga, hufunga mlango na kwenda zake, na mara nyingi hufa kabla hajauona uzao wake. Hawapaswi kuchanganywa na wale nyuki wadogo wasiouma ambao asali yao inajulikana sana kwa dawa, kwa kuwa hao nao huishi kwa makundi yenye malkia. Makala haya yanamshauri mkulima na mwenye bustani wa Kyela, na wa vijiji vyote vya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, namna ya kuwatengenezea nyuki wapweke makao kwa vitu vinavyopatikana karibu na nyumba yake, na yanashikilia jambo moja: kijumba kidogo, kikavu, kinachobadilishwa kwa wakati, kina faida kubwa kuliko kijumba kikubwa cha kupendeza ambacho hakuna anayekitunza.

Inafaa kwanza kusema wazi ni mazao gani yanayonufaika, maana ahadi isiyo ya kweli humkatisha mkulima tamaa. Kakao, ambayo imeifanya Kyela ijulikane nchini kote, haichavushwi na nyuki hao, bali na visubi wadogo mno wanaozaliana katika maganda ya kakao yanayooza na katika magogo ya migomba yaliyolala kivulini, hivyo mwenye shamba la kakao atawasaidia visubi hao kwa kuacha takataka hizo chini ya miti kuliko kwa kutundika kijumba chochote. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, na michikichi inayotoa mawese ina fukusi wake. Lakini zunguka nyuma ya nyumba hiyohiyo, penye mboga na matunda ya familia, na hesabu inabadilika. Ua la bilinganya, la nyanya chungu na la nyanya huficha chavua, yaani ule unga wa kiume wa ua, ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na chavua hiyo hutoka vizuri pale tu nyuki anapoling'ang'ania ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa yake, kazi ambayo nyuki wa asali haijui. Utafiti wa Barbara Gemmill-Herren na mwenzake uliofanyika Nguruman, kusini mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba bilinganya za huko zilihudumiwa na nyuki wapweke, akiwemo yule mweusi mkubwa atoboaye mbao, na kwamba nyuki hao waliyategemea mapori yaliyobaki kando ya mashamba. Pasheni nayo ina ua pana kiasi kwamba nyuki wa asali hupita chini ya vichwa vya chavua bila kuvigusa, wakati nyuki mkubwa mweusi huvipangusa kwa mgongo wake. Mbaazi, marejea, maboga, matango na matikiti yote hutembelewa na nyuki wapweke wa aina mbalimbali, na mdudu huyo hafanyi kazi hiyo kwa kutumwa: anatafuta mkate wa mtoto wake.

Ufukwe huu haukuwa na haja ya vijumba hapo zamani, na sababu yake inaonekana katika historia ya nyumba zenyewe. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivutiwa mno na usafi wa vijiji vya Wanyakyusa vilivyokaa kati ya migomba, na Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1930, alieleza jinsi nyumba zilivyojengwa kwa mianzi na udongo, na jinsi wavulana wa miaka 10 au 11 walivyoanza kujijengea vibanda vya matete pembeni mwa kijiji cha baba zao. Mwanzi uliokatwa na kuachwa ncha wazi chini ya paa la nyasi, mahali pakavu ambapo mvua haifiki, ni kiota kilicho tayari; ukuta wa udongo unaopigwa na jua la asubuhi ni kiota kingine kwa nyuki wanaochimba. Nyumba za tofali la kuchoma, saruji na bati ni bora kwa afya ya wakaaji na hakuna anayepaswa kuzijutia, lakini ni kweli vilevile kwamba ukuta uliopigwa lipu hauna hata tundu moja la kumpokea mdudu, na kwamba matete ya kando ya Mto Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yanafyekwa na kuchomwa kadiri mashamba yanavyosogea ukingoni. Kijumba kinachoelezwa hapa kinarudisha sehemu ndogo ya kile kilichoondoka.

Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu jambo hili umetoka katika nchi za baridi, na msomaji wa Kyela aupokee kwa uangalifu. Wakulima wa matufaha wa Aomori, kaskazini mwa Japani, wamewafuga nyuki wapweke ndani ya mafungu ya matete tangu miaka ya 1940, na wakulima wa Marekani wanaozalisha mbegu za majani ya lusini humtumia nyuki mkata majani kwa wingi mkubwa, jambo linalothibitisha kwamba tete lililokatwa vizuri ni nyumba halisi na si mchezo wa watoto. Lakini nyuki wa Aomori hutoka mara moja kwa mwaka, wakati wa machipuko, kisha kizazi kinachofuata hukaa ndani ya tete majira yote ya baridi, ambapo mfugaji hupata nafasi ya kulifungua na kulisafisha. Kyela, ambako ziwa liko kwenye mwinuko wa karibu mita 475 tu na mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000, haina majira ya namna hiyo. Vizazi hufuatana, kimoja kikitoka wakati kingine kinataga. Adui wa kijumba hapa si baridi bali unyevu unaoleta ukungu, pamoja na sisimizi, siafu na mchwa, na vipimo vingi vinavyotajwa hapa chini vimewekwa kwa ajili ya maadui hao.

Kifaa cha kwanza na kilicho rahisi kuliko vyote ni tete. Matete yakatwe wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba, yakiwa yamekomaa na kugeuka rangi ya majani makavu, kwa sababu tete bichi hunywea likikauka, hupasuka, na huota ukungu kwa ndani. Baada ya kukatwa yalazwe kivulini, penye hewa, kwa wiki 3 hivi. Kisha kila tete likatwe kwa msumeno wa meno madogo, ule wa kukatia chuma, na si kwa panga, kwa kuwa panga huliponda tete na kuacha nyuzi zilizochongoka ambazo huchana mabawa ya nyuki anayeingia na kutoka mamia ya safari. Mkato wa nyuma upite nyuma kidogo ya kifundo, ile sehemu ngumu iliyoziba inayotenganisha pingili na pingili, ili kifundo chenyewe kiwe ukuta wa ndani wa nyumba. Mkato wa mbele uwe wazi na usuguliwe kwa msasa hadi kidole kisihisi ukali wowote. Mwanzi hutayarishwa vivyo hivyo, isipokuwa uchaguliwe mwanzi mwembamba, maana ule mnene una tundu ambalo halina mteja ila mjusi na buibui.

Vipimo viwili ndivyo vinavyoamua kama kijumba kitakaliwa. Upana wa tundu uwe kati ya milimita 4 na 10, na inafaa fungu moja liwe na mchanganyiko wa upana huo, kwa kuwa kila spishi huchagua tundu linaloubana mwili wake. Penseli ya shule, yenye unene wa milimita 7 hivi, ni kipimo kizuri cha katikati, na tete litakaloimeza penseli kwa urahisi bila kuacha nafasi kubwa linafaa. Tundu la namna hii lina faida nyingine ambayo wazazi watapenda kuijua: kundi la nyuki wa asali haliwezi kamwe kuhamia humo. Urefu wa tundu uwe sentimita 15 au zaidi kidogo. Sababu ya urefu huo ni ya ajabu na inastahili kuelezwa. Jike la nyuki ndilo linaloamua jinsia ya mtoto, kwani yai lililorutubishwa hutoa jike na lisilorutubishwa hutoa dume, na katika spishi nyingi zinazotumia matundu mama huweka mayai ya majike nyuma, mahali salama zaidi, na ya madume karibu na mlango, kwa kuwa madume ndiyo yanayotangulia kutoka. Tundu fupi humlazimisha aweke madume matupu, na bustani iliyojaa madume ina nyuki wengi leo na wachache mwakani.

Mwenye subira akikaa hatua mbili mbele ya fungu la matete saa 4 asubuhi ataona kazi ya nyuki mkata majani, mdudu wa kijivujivu anayekaribia ukubwa wa nyuki wa asali, mwenye taya pana na tumbo lenye manyoya ya kubebea chavua kwa chini. Anakuja amekumbatia kipande cha jani kilichokatwa safi kama kwa mkasi, amekikunja chini ya mwili wake, na kutua kwenye mdomo wa tete lilelile bila kubabaika kati ya matundu 20 yanayofanana. Vipande virefu vya duaradufu ndivyo vinavyotandikwa kuwa kuta za kichumba, na vile vya mviringo ndivyo vifuniko. Kichumba kikiisha anaanza safari za maua: huingia kwa kichwa na kutema mbochi, yale maji matamu ya ua, kisha hutoka, hugeuka, na kuingia tena kinyumenyume ili apanguse chavua kutoka tumboni, na anarudia hivyo hadi mkate wa chavua unatosha. Juu yake hutaga yai moja, hufunika kwa vipande kadhaa vya mviringo vilivyobanwa hadi kuta za tete, na kuanza kichumba kinachofuata. Majani yaliyokatwa nusu duara kwenye waridi, boganvilea au mbaazi ya uani ni alama ya kazi hii, si ya ugonjwa wala ya kiwavi, na kuyapulizia dawa ni kumuua fundi kwa kosa la kuchukua tofali chache.

Matete 20 hadi 30 yanatosha fungu moja. Yafungwe kwa waya mwembamba au kwa kamba za migomba zilizokazwa vizuri, midomo yote ielekee upande mmoja huku mingine ikitokeza kidogo kuliko jirani zake, ili nyuki apate alama za kuutambua mlango wake. Fungu liingizwe ndani ya kisanduku cha mbao kilicho wazi mbele, chenye paa linalotokeza sentimita 10 mbele ya matundu na kuinamia nyuma. Paa likiwa la bati, pawekwe nafasi ya vidole viwili kati yake na matete, au juu yake pawekwe nyasi, kwa sababu bati la Kyela mchana wa Oktoba huweza kuyapika mabuu ndani ya vichumba. Wapo wanaopenda kulitia fungu ndani ya kipande cha bomba la plastiki au kopo la rangi kwa kuwa ni kazi ya dakika moja. Makopo hayo hutoa jasho usiku, na mkate wa chavua ulioloa huchachuka kabla buu hajaula. Kwa sababu hiyohiyo vikonyo vya majani ya mpapai, ambavyo vina uwazi na huwavutia watoto wanaojifunza kutengeneza vijumba, visitumike ila kwa maonyesho, maana husinyaa na kuoza mapema mno.

Anayeishi karibu na karakana ya seremala anaweza kutumia vipande vya mbao vilivyobaki, mradi viwe vikavu kabisa na havijapakwa dawa ya mchwa, vanishi au rangi. Matundu yatobolewe kwa drili ubavuni mwa ubao, yaani kukata nyuzi za mti, na si kwenye kichwa cha gogo zinakoonekana duara za miaka, kwa kuwa kichwa cha gogo hupasuka kikikauka na unyevu pamoja na wadudu wa vimelea hupita katika nyufa hizo. Kila tundu linaweza kuwekewa mrija wa karatasi ya daftari iliyozungushwa kwenye penseli, unaotolewa na kubadilishwa baadaye. Tundu la ubao lisilo na mrija ni gumu kulisafisha na hugeuka kuwa ghala la magonjwa.

Nyuki wanaochimba udongo wanahitaji kitu tofauti, na hapa mazoea ya matope ya Kyela ni mtaji. Udongo wa mfinyanzi uchanganywe na mchanga, ujazwe ndani ya sanduku la mbao lenye kina cha shibiri moja, upigwe kwa mkono na kukaushwa polepole kivulini, kisha sanduku lilazwe kwa ubavu ili uso wa udongo uwe kama ukuta mdogo, na matundu machache ya mwanzo yenye kina cha kidole yawe yamechomwa kwa kijiti wakati udongo bado umelowa. Kipimo cha mchanganyiko mzuri ni ukucha: ukikwaruza na unga kidogo ukadondoka, nyuki ataweza kuchimba, ukikwaruza na ukucha ukateleza, mchanga uongezwe. Udongo wa kichuguu peke yake hukauka ukawa mgumu kama tofali na haufai bila kuchanganywa. Katika kuta za namna hii huonekana nyuki wenye mistari ya buluu tumboni, warukao kwa kasi na kuvuma kwa sauti nyembamba, na ndio mabingwa wa kutetemesha maua ya nyanya.

Mahali pa kutundika kijumba panahitaji fikra kuliko ufundi. Nyuki wapweke huanza kazi miili yao ikiwa imepata joto, kwa hiyo midomo ya matundu ielekee jua la asubuhi. Kwa sehemu kubwa ya tambarare ya Kyela, kutoka Kasumulu hadi Ipinda, mwelekeo wa mashariki au kaskazini-mashariki unatosha, na huo wa pili ni bora zaidi kwa kuwa katika Juni na Julai, miezi ya ubaridi, jua hupita upande wa kaskazini. Matema ni habari nyingine: Milima ya Livingstone imesimama mashariki yake kama ukuta na jua huchelewa kuvuka kilele, hivyo mkaaji wa huko aangalie kwa macho yake ni kona ipi ya nyumba inayopata mwanga wa kwanza, asifuate dira tu. Mahali popote pa ufukwe huu, midomo ya matundu isielekee kusini, kwa kuwa upepo utokao huko, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, hupita juu ya maji mengi kabla haujafika nchi kavu na husukuma manyunyu hadi ndani ya baraza.

Kijumba kiwe kwenye kimo cha kifua cha mtu au zaidi, na katika vitongoji ambavyo mito hufurika Machi na Aprili kimo hicho kihesabiwe kutoka alama ya mafuriko iliyo ukutani, si kutoka ardhini. Chini ya mapaa ya nyumba ni pazuri kuliko mti, kwa sababu kijumba kinachobembea mtini humkosesha nyuki shabaha, na mwembe au mchungwa mara nyingi una maji moto, wale chungu wekundu washonao majani, ambao hawaachi buu salama. Kijumba kisikae karibu na taa ya usiku, maana taa huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui na mijusi, na asubuhi nyuki hukuta mlango umefungwa kwa utando. Kikisimamishwa juu ya nguzo, mguu wa nguzo usimikwe katikati ya mawe ili mchwa waonekane wanapopanda, na pafungwe kitambaa kilichopakwa grisi kwenye nusu ya nguzo kuwazuia siafu na sisimizi, kikipakwa upya kila vumbi linapokifunika. Grisi au oili chafu isiguse matete yenyewe.

Hadi hapa yameelezwa makao ya wachache. Sehemu kubwa ya nyuki wapweke duniani hutaga ndani ya ardhi, kila jike na shimo lake, na hakuna fungu la matete litakalowafaa. Hao husaidiwa kwa kuacha jambo fulani lisifanyike: kipande cha ardhi tupu iliyoinuka, chenye jua, kisilimwe, kisifunikwe kwa matandazo wala kumwagiwa saruji, na ukingo wa barabara au wa mfereji wenye vitundu vidogo usisawazishwe bila sababu. Katika tambarare inayofurika, tuta la zamani linalobaki juu ya maji wakati wa masika lina thamani kuliko kijumba chochote. Kwa yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, ambaye katika spishi moja iliyoenea Afrika Mashariki jike lina mikanda miwili ya njano au nyeupe na dume limevaa manyoya ya rangi ya njano ya kijanikijani, dawa ni kumwachia gogo kavu la mti laini, nene kama paja, likiwa limeegemezwa mahali pasiponyesha karibu na uzio wa pasheni. Akipata gogo hilo ataziacha boriti za nyumba kwa amani zaidi. Dume lake humsogelea mtu usoni kwa kishindo, lakini halina mwiba, na majike ya nyuki wapweke, yaliyo na mwiba, hayalindi kiota kwa kuuma na hudunga yanapobanwa mkononi tu.

Kijumba bila maua ni chumba bila chakula, na nyuki mdogo hasafiri mbali; mita mia chache ndizo uwanja wake. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya ambaye kitabu chake kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 2014, amesisitiza mara nyingi umuhimu wa vichaka na magugu ya kando ya shamba kwa wadudu hawa, na mawaidha hayo yanaifaa Kyela bila kubadilishwa neno. Mstari wa marejea kando ya bustani hulisha nyuki wakata majani na kurutubisha udongo kwa pamoja. Mbaazi hutoa maua na majani ya kujengea. Kivumbasha na mrehani vilivyoachwa vichanue badala ya kukatwa vyote kwa mboga na dawa huvuma asubuhi nzima. Dawa za kuua wadudu, zikilazimu, zipulizwe jioni maua yakiwa yamefunga na nyuki wamelala, na zisipulizwe kwenye mimea iliyochanua. Mwenye kijumba asiyeweza kumshawishi jirani yake katika hilo akihamishie upande wa mbali na shamba la jirani huyo.

Baada ya wiki kadhaa midomo ya matete huanza kufungwa, na kila kizibo kina mwenyewe. Majani yaliyobanwa ni ya nyuki mkata majani; utomvu wa miti, wakati mwingine uliochanganywa na vijiwe, ni wa ndugu yake ajengaye kwa utomvu; tope lililolainishwa mara nyingi ni la dondora, nyigu mpweke anayejaza vichumba vyake viwavi aliowadunga, na huyo naye aachwe, kwa kuwa viwavi hao wametoka kwenye mboga za mwenye shamba. Huonekana pia wageni wasiojenga, kama yule nyuki mweusi mwenye madoa ya buluu yanayong'aa anayezurura mbele ya ukuta wa udongo akingoja mama atoke ili atage yai lake juu ya mkate wa mwenzake. Wachache wao ni sehemu ya maisha. Wakizidi, sababu kwa kawaida ni kwamba kijumba ni kikubwa mno na kimeyakusanya makao yote mahali pamoja, ndiyo maana mafungu matano madogo yaliyotawanywa kuzunguka boma ni bora kuliko ukuta mmoja wa matete 150.

Kwa kuwa hakuna msimu ambao fungu lote liko tupu, usafi hufanywa kwa kupokezana. Fungu lililokaa mwaka mmoja hushushwa taratibu, bila kutikiswa, na kuwekwa ndani ya sanduku la mbao au la katoni nene lililofungwa pande zote isipokuwa tundu moja la sentimita 1 upande wa mbele. Sanduku hilo huwekwa palepale chini ya paa, tundu likielekea mwanga, na fungu jipya hutundikwa umbali wa shibiri moja kutoka hapo. Nyuki wanaotoka gizani hufuata mwanga, hupita kwenye tundu na kuyakuta matete mapya kando yao, na kwa kuwa sanduku halionyeshi midomo ya matete ya zamani, hakuna anayerudi kutaga humo. Baada ya miezi 4 hivi, matete machache ya fungu la zamani yapasuliwe kwa kisu katika urefu wake: vichumba vyenye vifuko vitupu vilivyotobolewa ni vya nyuki waliokwisha kutoka, buu mnene mweupe aliyelala amejikunja bado anangoja, na likipatikana hata tete moja la namna hiyo sanduku libaki mahali pake hadi mvua za Novemba, chavua iliyogeuka unga wa kijani au mweusi ni ukungu, na inapoonekana katika matete mengi, fungu la zamani lichomwe na lile jipya lihamishwe siku hiyohiyo kwenye ukuta mwingine wa nyumba, ulio mkavu zaidi.